Ngoma ya Radi Ilipoanza Kulia Yenyewe

Gereji ya Fundi Magari,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, maana nakujua, barua unazisomea mlangoni kabla hata ya kuvua viatu. Keti kwanza. Mgongo unaendeleaje? Yale mazoezi aliyokupa daktari bado unayafanya, au umeshamdanganya na yeye kama unavyotudanganya sisi? Mama Mdogo naye, miguu imeacha kuvimba? Na wale pacha, nasikia mmoja ameota ndevu na mwenzake anazikodolea macho tu. Mwambie avumilie, ndevu si mbio.

Sisi huku tuko hai. Neno hilo zamani nililiandika bila kulifikiria. Mama ni mzima wa mwili, anakula kidogo, anatembea. Mimi nina mkwaruzo begani na kikohozi cha vumbi kisichotaka kuhama. Ugonjwa mwingine hatuna.

Najua habari zimekufikia nusunusu. Uliponipigia simu nilikujibu kwa kifupi kwamba nitakuandikia, nawe ukadhani nakukwepa. Sikukwepa. Mama alikuwa ameketi ubavuni pangu, na kuna mambo hayasemeki yeye akisikia. Sasa amejinyoosha kidogo baada ya chakula, na mimi nimekaa juu ya tairi kuukuu na karatasi magotini. Acha nikupe habari nzima.

Kwanza nikujibu ulichoniuliza kabla hujauliza hata hali zetu: dramu zipo. Zote. Ile kubwa ya besi, zile mbili za kati, ngoma ndogo ya nyaya, na sahani za shaba pamoja na ile iliyopasuka pembeni ambayo Baba alikataa kuitupa. Ganda la rangi ya lulu limezidi kuwa manjano, na skrubu moja ya ngoma ya besi nimeifunga kwa waya. Mbao zake ni nzima. Tangu Baba afariki nimezitunza kama mtu anavyomtunza bibi kizee mkorofi: unamfuta, unambembeleza, na bado atakulalamikia. Nilibadilisha ngozi zilizokuwa zimelegea, nikajifunza kuzipiga kwa kumkumbuka alivyokuwa anakaa, kiwiko ndani, kisigino chini. Mchana nashona mapazia, Jumamosi nakaa nyuma ya dramu na bendi yetu ndogo. Mpiga gitaa zito wetu bado anamwita Baba kwa jina la jukwaani; husema Radi alizaa Kijiti, na Kijiti naye amezaa kelele.

Nyumba ile unaikumbuka. Uliondoka ikiwa na ghorofa mbili juu ya duka. Mwenye nyumba yule mzee alipokufa, mwanawe akairithi, na huyo tunamwita Ongeza, kwa kuwa kila akija anaongeza: kodi, vyumba, tangi la maji. Kisha akaanza kuongeza ghorofa. Alimaliza moja, akaiwekea wapangaji rangi ikiwa bado mbichi, akaanza nyingine. Sisi tulikuwa palepale pa zamani, mimi na Mama, ghorofa ya kwanza, na chini yetu lile duka likawa tanuri la mikate.

Mwoka mikate hukumjua, na inaniuma kwamba hutamjua. Tulimwita Chachu. Mtu mfupi, mpana, nyusi zake nyeupe kwa unga siku zote, mtu wa kucheka kabla hujamaliza kusema. Alikuwa mjane kama Mama. Kila asubuhi alipanda ngazi na mkate wa kwanza, akaugonga mlango wetu kwa mkate wenyewe. Mama alikuwa akimfokea kwamba mlango hauliwi.

Chachu alikuwa na mashine ya kukandia unga, ya zamani, nzito kama ng'ombe. Ikiwashwa, ngoma ya nyaya ilianza kunong'ona yenyewe kule pembeni ya sebule. Wewe mwanamuziki huhitaji kuelezwa: zile nyaya chini ya ngozi hupokea kila mtikisiko, hata mtu akikohoa kwa nguvu zinamwitikia. Tulizoea. Chachu alinitania kwamba mikate yake inauzwa kwa sababu imeumuka kwa mdundo.

Halafu mashine yake ikaharibika. Fundi aliichukua, Chachu akawa anakanda kwa mikono, akilalama kama mwanamke mwenye uchungu. Na ngoma ikaendelea kunong'ona.

Nilikuwa nakata kitambaa mezani niliposikia. Sauti nyembamba, kama mchele unaomwagwa kwenye ungo ukiwa mbali. Ikaja, ikakata, ikaja tena. Nilisimama na mkasi mkononi, nikatazama dirishani kama lori linapita. Barabara ilikuwa tupu. Mama alikuwa kwenye kiti chake. Hakushtuka. Aliweka kikombe chini taratibu, akatabasamu vile nilivyokuwa sijamwona akitabasamu tangu msiba.

"Baba yako amekuja," alisema.

Sikumbishia. Niambie wewe ungembishia vipi. Kuanzia siku ile alihamishia kiti chake karibu na dramu. Ngoma ikinong'ona, anaisalimia. Anaipa habari za nyumbani, nani kaolewa, nani kaugua, bei ya sukari. Akawa anakula vizuri. Akajipaka mafuta, akavaa ile kanga aliyonunuliwa na Baba safari ya mwisho ya bendi. Nami nilipokaa kufanya mazoezi alikuwa akinisihi niache kidogo, nimpishe mwenzangu. Nilikuwa nikicheka, lakini nilikuwa nazipiga kwa mashaka. Nikigusa pedeli ya besi, nilihisi sakafu inanijibu kwa kuchelewa, kama mtu anayerudia maneno yako kwa dhihaka.

Baadaye mlango wa jikoni ukakataa kufunga. Seremala akaja akaupiga randa, ukafunga wiki moja, ukakataa tena. Vijiti vyangu nikivilaza sakafuni vikawa vinabingirika wenyewe hadi ukuta wa barabarani, vinalala pale vimebanana kama vinajificha. Na Chachu akaacha kutania. Asubuhi moja alipanda na mkate, hakuugonga mlangoni. Aliuweka mezani akaugeuza ili niuone vizuri. Upande mmoja ulikuwa juu, upande wa pili chini.

"Yote imetoka hivi," aliniambia. "Inaegemea kama walevi. Nimeweka kipande cha bati chini ya trei, nimenyoosha. Leo imeegemea tena."

Tuliutazama mkate ule. Mama alikuwa anaiambia ngoma kwamba mvua zimechelewa.

Nilimwita Ongeza. Alikuja na viatu vya kung'aa, akapiga ukuta kwa kiganja kama anavyopigwa farasi, akasema nyumba ikiongezewa mzigo lazima ikae vizuri kwanza, hata binadamu akila huhitaji kutulia. Alisema kelele za dramu zangu ndizo zinazotikisa. Yule aliyesema usipoziba ufa utajenga ukuta hakumjua huyu bwana: yeye ufa anauziba kwa rangi, na ukuta anaujenga juu yake.

Nikaenda manispaa. Walimtuma mkaguzi wa majengo, msichana mwenye buti za matope na sauti ya chini. Alipanda hadi juu, akashuka hadi kwenye tanuri, akakaa muda mrefu mbele ya nguzo iliyo nyuma ya magunia ya unga. Kwenye ufa wa ngazini akabandika kipande cha kioo kwa saruji. Alinieleza kwamba kioo hakijui kuvumilia, nyumba ikisogea kitavunjika. Aliandika taarifa yake mbele yangu. Kisha, akiwa tayari mlangoni, aligeuka.

"Dada, mimi nangoja saini ya bosi. Wewe usingoje. Kama una pa kwenda, nenda."

Kioo kilivunjika kabla saini haijapatikana. Na siku iliyofuata nilipotoka kupeleka mapazia, nilimkuta fundi wa Ongeza amepiga lipu juu ya ufa, juu ya saruji, juu ya kioo na vyote. Ukuta ulikuwa laini, umepakwa rangi ya maziwa. Wapangaji wa juu walipita wakiusifu.

Pa kwenda palikuwepo. Fundi magari, ambaye ndiye mpuliza tarumbeta wetu, alitupa chumba cha nyuma ya gereji tunakofanyia mazoezi. Nilimwambia Mama. Alinitazama kama niliyemtukana.

"Nimuache baba yako hapa peke yake?"

"Mama, si Baba huyu. Ni nyumba."

"Nyumba haijui kunong'ona."

"Inajua ikiumwa."

"Wewe unazijua hizi ngoma kwa mikono," alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mimi nimeishi nazo ndoa nzima. Aliondoka hospitalini mimi nikiwa nimeenda kununua sabuni. Sikumuaga. Amerudi, wewe unaniambia nihame. Hama wewe."

Baba Mdogo, nilizunguka chumba kile kama kuku anayetaka kutaga. Kumbeba kwa nguvu ningeweza, ni mwepesi siku hizi. Lakini mama yako unambebaje kama gunia na kumtenga na mumewe mara ya pili? Nilingoja. Nilisema kesho nitajaribu tena, na kesho yake nikasema hivyohivyo, na siku zote hizo sauti ya ngoma ilikuwa inakua. Haikuwa mchele tena. Ilikuwa kokoto.

Asubuhi yenyewe niliamshwa nayo. Jua lilikuwa limeshapanda kwenye pazia. Ngoma ya nyaya ilikuwa inalia mfululizo bila kupumua, na sahani ile iliyopasuka ilikuwa inatetemeka juu ya kigingi chake. Juu ya ngozi ya ngoma ya besi, ambayo ilikuwa imelazwa, kulikuwa na vumbi la lipu, nalo lilikuwa linarukaruka kama siafu. Mama alikuwa amekaa mbele yake amekunja mikono, uso umemng'aa.

"Leo ana mengi," aliniambia.

Sikubishana tena. Nilitoka hadi kwenye ngazi nikamwita Chachu. Alikuja na mikono yenye unga, akasikiliza kidogo tu, akainama akabeba ngoma ya besi mgongoni kama kobe. Mimi nikachukua ngoma ya nyaya na sahani.

"Mama," nilisema, "mumeo tunaye sisi. Ukimtaka, tufuate."

Alitufuata. Alitufuata bila viatu, akitulaani mimi na Chachu na vizazi vyetu, hadi barabarani, hadi gereji. Chachu alirudi mara moja kubeba zilizobaki, akazishusha mbele ya Mama kwa adabu, akamwambia, "Shemeji, huyu hapa, hajapata hata mchubuko." Ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia. Kwangu mimi alisema tu kwamba anakwenda kuwatoa wale wa juu.

Nilimfuata nyuma hadi ng'ambo ya barabara. Nilimsikia akipanda ngazi, akigonga kila mlango na kupiga kelele: "Moto! Moto!" Moto haukuwepo. Lakini ukimwambia mtu nyumba ina ufa atakuuliza mkubwa kiasi gani. Ukimwambia moto, anabeba mtoto. Walimiminika, wengine na taulo, wengine na miswaki midomoni, bibi mmoja na redio. Walijaa barabarani wakitazama juu. Hakuna moshi. Wakaanza kununa. Mmoja akamwita Chachu mwendawazimu, mwingine akasema amechelewa kazini kwa upuuzi wa mwoka mikate, na wale wa mbele wakaanza kurudi mlangoni.

Chachu alisimama kizingitini amepanua mikono. Walimsukuma. Nilimwona akitazama nyuso zao moja baada ya nyingine, halafu akageuka akaingia kwenye tanuri. Nilidhani amekata tamaa. Punde moshi ukaanza kutoka dirishani, mweusi, mzito, wa magunia. Alikuwa ameyatia moto magunia yake matupu. Watu wakarudi nyuma wakipiga mayowe, safari hii hadi ng'ambo ya barabara, wamejipanga karibu nami.

Nililiita jina lake. Sijui kama alisikia. Alikuwa akitokea, nilimwona mlangoni, mkono umefunika pua, mwingine ananipungia kama anayesema nimeshawaweza. Na nyumba ikapiga magoti. Sina namna nyingine ya kulisema. Haikuanguka upande, ilikaa chini, juu yake mwenyewe, na ile ghorofa mbichi ikaja mwisho ikiwa nzima nzima, na rangi yake. Kisha vumbi likatufunika, nasi tukawa tunapapasana kujua nani yupo.

Walimtoa siku ya pili. Wapangaji wote waliokuwa wamemsukuma walikuja kumzika, na yule aliyemwita mwendawazimu ndiye aliyeshika jeneza mbele na hakukubali kupokewa njia nzima.

Mama gereji ilimshinda. Siku za mwanzo alikaa mbele ya dramu akingoja. Ngoma ilikuwa kimya. Sakafu ya hapa ni zege juu ya ardhi, hakuna cha kuitikisa. Akawa ananitazama kwa jicho la kwamba nimemfukuza baba yangu. Aliisalimia, haikujibu. Aliibembeleza, haikujibu. Tuliporudi kutoka kumzika Chachu alikaa pale bila kuvua ushungi, akaweka kiganja juu ya ngozi, akakiacha hapo.

"Kumbe hakuwa yeye," alisema.

"Hakuwa yeye, Mama."

"Nilikuwa naisalimia nyumba."

Nilitaka kumshika, akanizuia kwa mkono. Hajalitaja tena jambo lile. Ndiyo maana sikuweza kuongea kwenye simu.

Ungedhani yamekwisha. Mimi pia nilidhani. Ongeza yuko rumande, wakili wake anaingia na kutoka. Lakini ana jengo jingine, kona ya soko, refu kuliko letu, alilolijenga kwa fundi yuleyule na saruji ileile. Linakaa watu wengi, na watoto wao. Habari za ngoma yangu zilikuwa zimewafikia, na mwenyekiti wao wa wapangaji akaja gerejini kwa heshima zote. Ni yule mkata tiketi wenu wa zamani, wa ukumbi mliokuwa mnapigia wewe na Baba, mwenye kofia. Aliniomba niilete ngoma ikae ngazini kwao siku nzima, ili wajue.

Niliona ni jambo jema. Nikaipeleka, nikakaza nyaya, nikaiweka sakafuni. Waliketi ngazini wakaizunguka kama mgonjwa. Ilikaa kimya. Mchana ukapita, kimya. Jioni wakashangilia, wakanikumbatia, mama mmoja akalia kwa furaha. Wale waliokuwa wamefunga mizigo wakaifungua.

Mkaguzi yule msichana aliposikia alikuja kwangu mbio. Sijamwona mtu akikasirika kwa sauti ndogo kiasi kile.

"Ngoma ikilia inakuambia kitu," alisema. "Ikinyamaza haikuambii kitu. Nyumba nyingine huondoka bila kukohoa."

Alinipeleka mwenyewe hadi chini ya jengo lile, akanionyesha nguzo. Sikuhitaji usomi. Zege lilikuwa linapukutika kwa kucha, na vyuma vya ndani vilikuwa vimeota kutu, vimevimba kama vidole vya maiti ya majini. Mabomba ya ngazini yamekuwa yakikatika kwenye viungo vyake tangu mwezi uliopita, na watu wanamlaumu fundi bomba. Nilipanda nikawaambia. Nilibisha kila mlango. Wananijibu kwa upole kabisa: dada, si ulileta ngoma ukaona mwenyewe? Na mwenyekiti anasema Radi hakuwahi kudanganya, na ngoma yake haiwezi. Anasema hivyo kofia ikiwa mkononi, kwa machozi.

Amri ya kuwatoa iko mahakamani, wakili anaiahirisha. Mkaguzi anasema labda wiki hii. Labda.

Basi nimefanya ninachokijua. Kila siku jua likianza kupungua ukali, tunapakia dramu kwenye gari la fundi, tunazipanga ng'ambo ya barabara, mbali na jengo, na tunapiga. Mpiga gitaa zito, tarumbeta, mimi. Tunapiga zile nyimbo zenu za zamani ambazo hakuna mtu anayeweza kuzisikia akabaki ameketi. Wanashuka. Kwanza watoto, kisha mama zao kuwafuata watoto, kisha wazee, na mwisho hata walinzi. Wanacheza barabarani, wanafurahi, wanadhani tunasherehekea. Mimi napiga huku nikitazama madirisha, nikitafuta nani amebaki. Mikono imechubuka, nimeifunga kwa vitambaa vya mapazia. Tukitaka kupumzika nawaambia wenzangu wimbo mmoja zaidi, na mwingine. Maana wakiwa nje wanacheza, wako nje. Nikiweka vijiti chini, wanatushukuru, wanawashika watoto mikono, wanapanda kulala.

Mama anakuja nasi. Hachezi. Anazunguka nyuma ya watu, anamwendea kila aliyebaki kwenye kizingiti, anamshika kiwiko, anamvuta nje.

Jana nilikutumia ujumbe wa simu kwamba umpigie mkata tiketi wenu, nawe ukanijibu, "Kulikoni?" Hii ndiyo kulikoni, haikuenea kwenye ujumbe wa simu. Mimi ananiona mtoto wa Radi, mtoto wa jana. Wewe anakuheshimu, alikuwa akikufungulia mlango wa ukumbi miaka yote ile, na bado anahadithia gitaa lako. Yeye akihama, watahama. Mpigie, Baba Mdogo. Usimueleze habari za zege na vyuma, hatakusikiliza. Mwambie ni wewe unayesema. Muombe, muamrishe, mdanganye ikibidi. Akikukatalia, piga tena. Kaa naye kwenye simu hadi umsikie akishuka ngazi.

Barua hii namkabidhi msafiri anayeondoka leo hii, naye ameahidi kukuwekea mkononi. Wenzangu wameshawasha gari, wananipigia honi.

Nisalimie Mama Mdogo na miguu yake, pacha wote wawili, mwenye ndevu na asiye nazo, na Bibi Kibonge mkimtembelea. Mama anakusalimia, anasema shemeji yake ale vizuri. Mungu akuzidishie pumzi, akunyooshee mgongo, na aifanye sauti yako ifike mahali ambapo mikono yangu haifiki.

Ni mimi mwanao, nikupendaye na ninayekutegemea,
Kijiti